Majani Aliyopewa Punda

Letisia hakuwa na machozi tena ya kumlilia Gidahosh. Alikuwa ameyamaliza mwaka wa tatu, na huu ulikuwa wa sita. Kwa hiyo mchana ule wa Jumamosi, alipomwona ameegesha pikipiki karibu na bomba la maji pale kijijini Gitting, hakusikia moyo ukiruka kama zamani. Alisikia uchovu tu, uchovu wa mtu aliyepanda mlima Hanang mpaka juu akaambiwa kilele ni kile kingine kule.

Bomba lile lilikuwa linavuja tangu mwaka juzi. Ulikuwa mwezi wa kumi, mashamba yote yamekauka, vumbi hata kwenye kope, lakini chini ya bomba palikuwa na kipande cha majani mabichi kama upana wa mkeka. Gidahosh alikuwa amesimama pembeni yake, mrefu, shati la kazini limefungwa vifungo mpaka shingoni, na macho yale yale yaliyomponza Letisia siku ya kwanza alipokuja shuleni, bwana mifugo, kuchanja mbwa.

"Habari za mchana, mwalimu."

"Nzuri. Mbona umekuja kusimama hapa? Watu wanatuona."

"Miaka sita wanatuona, Leti. Nafikiri hata wao wamechoka kutuona."

Letisia alitazama njiani kama kuna mtu. Aliweka ndoo chini ya bomba. Maji yalitoka kwa kudondoka, na hilo lilimfaa.

Gidahosh alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Barua imetoka. Uhamisho. Katavi."

"Katavi?"

"Naondoka Jumatatu."

"Kesho kutwa! Wanakuhamishaje ghafla hivyo?"

"Hawajanihamisha. Niliomba mwenyewe." Alisema hivyo akiangalia ndoo. "Niliomba mwezi wa sita, baada ya baba yako kuwapokea wazee wangu mara ya nne. Unakumbuka? Aliwapa chai. Akawauliza habari za mvua. Akawauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja. Halafu akawasindikiza mpaka barabarani. Leti, mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Sasa huyu anakupa chai! Mimi chai ya baba yako nimeinywa mpaka basi."

"Unajua anachosema baba."

"Najua kwa moyo. Watu wa ukoo wangu walimuua babu yako mdogo, Bura, kule kisimani, na hawakuja kuomba radhi. Na mimi kwetu bibi anasema walikuja, wamebeba majani, mkawafungia mlango kama vile ni mbwa. Kwa hiyo mmoja hapo ni mwongo, ama babu yako ama bibi yangu. Nimetafuta ni nani mpaka nimechoka."

Ndoo ilikuwa imefika nusu. Letisia aliyatazama maji kwa sababu kumtazama yeye kulikuwa kunauma. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Wasichana aliosoma nao walikuwa na watoto darasani kwake, na bado usiku akifumba macho alikuwa anaona uso mmoja tu. Alimpenda. Ndiyo hivyo, hakuna namna nyingine ya kulisema.

"Twende wote," Gidahosh alisema polepole. "Jumatatu. Padri wa kule atatufungisha."

"Bila baraka ya baba?"

"Bila."

"Gida, mimi ni kitinda mimba. Yule mzee hana mtu mwingine wa kumsomea. Nikiondoka bila yeye kunitemea mate ya baraka, nitalala usingizi gani huko Katavi?"

"Najua." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Letisia. "Nilijua utasema hivyo, ndiyo maana nakupenda. Lakini nilikuwa nauliza kwa mara ya mwisho. Sitauliza tena, Leti. Sikukasirikii. Nimechoka tu."

Ndoo ilijaa. Letisia alikunja kata ya kitenge akaiweka kichwani, na Gidahosh akainama akamtwika. Mikono yake ilikaa kwenye ndoo muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Macho yao yalikutana hapo, chini ya ndoo, karibu kabisa, na Letisia akaona kwamba kope za Gidahosh zimelowa. Halafu mikono ikaondoka. Alisikia pikipiki ikiwaka nyuma yake, akataka kugeuka amwone, lakini mwenye ndoo ya lita ishirini kichwani hageuki ovyo. Alitembea moja kwa moja mpaka nyumbani.

* * *

Mama yake, Marieta, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anachambua maharage.

"Umemwona," alisema mama.

"Nani, mama?"

"Mtu amekwenda kuchota ndoo moja akakaa saa nzima, halafu ananiuliza nani."

Barazani, kwenye benchi, alikuwa amekaa baba yake, mzee Agustino, katekista mstaafu, magoti yake mabovu yamefunikwa blanketi ingawa jua lilikuwa kali. Pembeni yake, juu ya kitambaa safi kana kwamba ni vyombo vya misa, palikuwa na daftari kubwa jeusi.

Daftari hilo lilihitaji maelezo kwa kila mgeni, na mzee Agustino hakuchoka kuyatoa. Lilikuwa la Padri Malaki, Muirishi aliyeijenga parokia yao, akabatiza nusu ya Gitting, na kumfundisha Agustino kusoma. Alizikwa pale pale misheni mwaka 1981. Mwaka huu, parokia ikijiandaa kwa jubilei, paroko alifungua sanduku la bati lililosahaulika stoo, akakuta daftari limeandikwa Kiingereza kitupu, akampa Letisia ili alitafsiri. Wote walitegemea habari za Hanang. Kumbe padri alikuwa ameandika historia ya kwao! Kaunti ya Leitrim, huko Ireland, miaka ile walipokuwa wanapigania uhuru kutoka kwa Mwingereza. Kurasa mia mbili za daraja gani lilivunjwa na kijiji gani kilichomwa, na nani hakumsalimia nani kanisani kwa sababu hiyo. Letisia alikuwa anazitafsiri tangu Pasaka, kila Jumamosi, kwa sauti, na mzee anasikiliza.

Lakini katikati ya madaraja hayo alikuwepo Brigita. Brigita alikuwa dada mkubwa wa padri, na alimpenda polisi. Siku zile Leitrim, polisi alikuwa mtu wa Mwingereza, na msichana aliyetembea naye aliachwa peke yake: dukani hauziwi mkate, kisimani hasalimiwi. Yule kijana aliacha upolisi kwa ajili yake. Zikabaki siku nane wafunge ndoa. Mvua ikamzuia akalala kwa kina Brigita, na alfajiri wanaume wakagonga mlango. Malaki, akiwa na miaka kumi na sita, alisikia sauti ya rafiki aliyecheza naye mpira, akafungua. Wakamtoa yule kijana nje kwenye ukungu, na hakurudi. Brigita hakuolewa mpaka alipokufa.

Jumamosi ile Letisia aliposoma hayo, mzee Agustino alivua kofia. "Maskini Brigita," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. Wiki nzima alikuwa anamtaja kwenye sala ya jioni.

Sasa alilipapasa daftari. "Soma, mwanangu. Tumebakiza ngapi?"

"Tisa, baba." Letisia aliketi lakini hakulifungua. "Baba, Gidahosh anaondoka Jumatatu. Anahamia Katavi."

Mzee alikohoa. "Mungu amwongoze njia."

Uani, maharage yaliacha kugonga ungo.

"Ni hilo tu, baba? Mungu amwongoze njia?"

"Ulitaka nisemeje?"

"Baba, umemlilia Brigita." Sauti ya Letisia haikupanda, hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Mtu wa Leitrim, hujawahi kumwona, amekufa zamani, umemlilia mpaka ukavua kofia. Na mimi niko hapa. Mimi ndiye ninayekuchemshia maji ya kukanda magoti. Mbona mimi hunioni?"

Mzee Agustino alivuta blanketi magotini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukuta mgumu kuliko kelele za watu wengine.

"Nakuona, Letisia. Nakuona kila siku unakonda. Unafikiri napenda? Yule kijana hana kosa. Lakini baba yangu Tluway alinishika mkono siku anakufa, akaniambia, watu waliomwaga damu na wasiombe radhi, usiwape mtoto. Wangekuja, mwanangu. Hata bila ng'ombe. Hata na majani tu. Kwetu na kwao sheria ni moja: mtu aliyeshika majani mabichi hapigwi, wala hafungiwi mlango. Hawakuja na majani. Walikuja na mikuki, siku ya nne ya msiba, wanaume kumi na wawili, alfajiri, kutumaliza. Kama Padri Malaki asingekuwa amelala kwetu, wewe usingezaliwa. Yeye ndiye alizima taa, akasema, msifungue."

Letisia alikuwa ameisikia habari hiyo tangu akiwa mgongoni. Alifungua daftari kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Haya," alisema. "Nasoma."

Mwandiko wa kurasa za mwisho ulikuwa wa mtu aliyezeeka, umeyumba. Alianza kutafsiri kama alivyozoea, sentensi moja moja, bila kuangalia mbele.

"'Nimeandika habari za Leitrim ili nifike hapa. Kuna mlango mmoja nilioufungua, na mlango mmoja niliouzuia usifunguliwe, na kwa yote miwili nilikosea.'"

"Enhe," alisema mzee.

"'Mlango wa pili ulikuwa Gitting, mwaka 1968, mwezi wa kumi, nyumbani kwa Tluway...'"

Hapo akasimama. Macho yake yalikuwa yameshatangulia mistari mitatu, na moyo, ule uliokataa kuruka kule bombani, uliruka sasa hivi mpaka akaweka mkono kifuani. Aliendelea kusoma kimyakimya hadi chini ya ukurasa. Halafu akamwangalia baba yake, uso umeinuliwa, unangoja, umejaa mapenzi kwa mzungu aliyemfundisha kusoma. Alikuwa na watakatifu wawili mzee huyu, Agustino wa jina lake na Malaki. Letisia angeweza kuruka ukurasa. Nani angejua? Mzee hakujua Kiingereza zaidi ya good morning.

"Mbona umenyamaza? Jina la baba yangu limo?"

"Limo, baba."

"Basi soma."

"Baba, yanaweza kukuuma."

"Nina miaka sabini na miwili. Yanauma yote tu. Soma."

Akasoma.

"'Niliamka nikasikia miguu. Nilichungulia dirishani nikaona wanaume kwenye ukungu, kama kumi na wawili, kimya, wanatazama mlango. Sikuwa Hanang tena. Nilikuwa nyumbani, Leitrim, na nina miaka kumi na sita, na walikuwa wamekuja kumchukua mchumba wa dada yangu. Nilizima taa, nikamwambia Tluway, watakuua, usifungue. Alitaka kutoka. Nilimshika. Aliniamini kwa sababu mimi ni padri. Wale watu walisimama mpaka jua likatoka. Mzee mmoja aliita mara tatu kwa lugha yao. Mimi sikuijua, na ndani walikuwa wanalia, hawakusikia vizuri. Kisha wakaenda.'"

Mama Marieta alikuwa ameinuka, amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"'Nilitoka wa kwanza. Mbele ya mlango nilikuta fungu la majani mabichi, limefungwa vizuri. Nilidhani yamedondoka kwenye mzigo wao. Punda wangu alikuwa na njaa. Nilimpa.'"

Kuku walipita barazani wakatoka.

"'Miaka saba baadaye, mkristo wa Kibarbaig, kabila la watu wale, akimwandaa mwanawe kwa ubatizo, alinieleza maana ya majani. Nilikaa chini. Tluway alikuwa ameshafariki. Nilipaswa kumwambia mwanawe, Agustino, katekista wangu. Kila Jumapili nilipanga, na kila Jumapili aliniangalia kama watu wanavyoangalia altare, nikashindwa. Mungu anisamehe. Naandika kwa sababu siwezi kusema.'"

Letisia alifunga daftari. Alikuwa analia, kumbe machozi hayakuwa yameisha.

"Soma tena hapo kwenye majani," alisema mzee.

Akasoma tena.

Mzee Agustino alitazama mlima, ukiwa umejaa mawingu yasiyo na mvua. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mbali.

"Aliitwa Askofu."

"Nani, baba?"

"Punda. Padri alimbebesha sanduku la misa. Alimwita Askofu kwa sababu hakuwa anamsikiliza mtu." Alivuta pumzi. "Asubuhi ile nilitoka kwenda zizini, nikamkuta anatafuna. Majani mabichi kabisa, yana umande. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, mchungaji, najua kila unyasi. Nikashangaa, mabichi yametoka wapi mwezi wa kumi? Hakuna bomba wakati ule. Ni juu mlimani tu, kwenye chemchemi, na kwa mtu wa Gendabi, kwa kina Gidahosh, ni kutembea usiku kucha." Akatikisa kichwa. "Walitembea usiku kucha wakitafuta majani, Marieta. Nikamwona Askofu anayatafuna. Na mimi nikaenda zizini."

"Hukujua," alisema mama.

"Sikuuliza." Alipangusa uso kwa kiganja. "Na padri naye! Angeniambia. Ningemsamehe siku ile ile. Miaka sita yote iliyobaki tulikuwa tunasali pamoja, angeniambia tu."

"Aliogopa, baba. Alikuwa mtakatifu wako."

"Alikuwa mtu," alisema mzee, kwa uchovu, kama mtu anayetua mzigo aliobeba kwa heshima miaka mingi. Kisha akaondoa blanketi magotini. "Letisia. Pale bombani bado panavuja?"

"Panavuja, baba."

"Nipe fimbo yangu."

* * *

Ilikuwa saa tisa na nusu walipofika bombani, mzee mbele, binti nyuma. Letisia alitaka kuinama ayang'oe yeye, mzee akamzuia kwa fimbo. Alishuka goti moja, akaguna, akashuka la pili, na katekista mstaafu wa Gitting akapiga magoti kwenye tope mbele ya wanawake watano na ndoo zao.

"Shikamoo katekista," alisema Agatha, jirani yao, mwenye ulimi usiolala. "Mbuzi wako wana njaa kiasi hicho mpaka ukapige magoti?"

"Marahaba. Siyo ya mbuzi, Agatha."

Agatha alifungua mdomo, akatazama majani, akamtazama Letisia, akaufunga. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona Agatha akiufunga mwenyewe.

Patriki wa bodaboda aliwapakia wote wawili mshikaki, mzee katikati, majani ameyaweka ndani ya koti upande wa kifua ili upepo usiyakaushe. Barabara ya Gendabi ilikuwa ya vumbi na makorongo. Letisia alimshika baba yake kiunoni kwa nyuma, akasikia jinsi alivyokuwa mwembamba, na njia nzima hawakusema neno. Aliogopa. Watu waliofungiwa mlango miaka hamsini na saba iliyopita, kwa nini wafungue wa kwao?

Boma la kina Gidahosh lilikuwa na uzio wa miiba na lango la matawi. Lango lilikuwa limefungwa kwa sababu jioni ilikuwa imefika na ng'ombe walikuwa wamesharudi. Mbele yake, juu ya kigoda, alikaa bibi yake Gidahosh, mjane wa mzee Gidabayda aliyeita mara tatu kwenye ukungu. Macho yake yalikuwa na ukungu wake mwenyewe sasa, na bangili za shaba zilimjaa mkononi.

Mzee Agustino alisimama hatua tatu kutoka kwake, akatoa majani, akayashika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitika. Kwa watu wa huku, afadhali kofi kuliko shikamoo isiyoitikiwa.

"Ni nani?" aliuliza, Kiswahili chake kizito.

"Agustino. Mtoto wa Tluway wa Gitting."

Bangili zililia. "Hapa siyo kwa kina Tluway."

"Najua, mama. Nimekuja na majani."

Nyuma ya uzio mtu aliacha kukamua, na Letisia akaona, kati ya miiba, shati lile la kazini. Gidahosh alisimama na kibuyu mkononi. Walitazamana kupitia uzio. Hakuna aliyetabasamu, walikuwa wamechoka mno, lakini hakuna aliyeyaondoa macho yake.

"Mume wangu alikuja na majani kwenu," alisema bibi. "Alitembea usiku. Alisimama mpaka jua. Mkakataa. Alirudi hapa akakaa chini, hakula siku mbili. Akasema, wale siyo watu."

"Hatukuyakataa. Hatukuyaona." Mzee alisogea hatua moja. "Padri mzungu alikuwa ndani. Kwao watu wakija alfajiri wanakuja kuua. Akasema tusifungue. Asubuhi akayaokota yale majani kabla yetu, hakujua ni kitu gani, akampa punda."

"Akampa nani?"

"Punda, mama."

"Punda."

"Punda wake. Mimi mwenyewe nilimwona anayatafuna, na sikuuliza. Nimekuja kuomba radhi, mimi na nyumba ya Tluway."

Bibi alikaa vile vile. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Letisia akadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kikavu cha mtu asiye na meno, kikaenda, kikaenda, na mwisho wake kikawa kilio kweli. "Miaka yote hii," alisema. "Nimewachukia watu kwa sababu ya punda. Gidabayda amekufa na jambo hilo kifuani. Punda!"

Mzee Agustino naye alikuwa analia, amesimama wima, magoti yanamtetemeka. Letisia alimsogezea bega, akalikataa.

Basi kama vile jambo lile halijatosha, punda mmoja wa boma, aliyekuwa anazurura nje ya uzio akitafuta cha kuokota kwenye vumbi, alinusa ubichi. Alikuja taratibu, akanyoosha shingo, midomo imetangulia. Mzee Agustino alimwona dakika ya mwisho. Aliinua majani juu ya kichwa kwa mikono yake miwili.

"Hapana," alimwambia punda. "Mara hii hapana."

Bibi alisikia. Alinyoosha mkono wake wenye bangili hewani, ukapapasa mpaka mzee alipoyashusha majani, ukayapokea. Aliyanusa.

"Yamenyauka," alisema.

"Njia ni ndefu, mama."

"Ni ndefu." Aliyaweka mapajani, akayafunika kwa kiganja. "Marahaba, mtoto wa Tluway. Mtafutieni kigoda huyu mtu, magoti yake nayasikia mpaka hapa."

Gidahosh alikuwa amefika langoni, lakini hakulifungua. Kibegi chake cha safari kilionekana mlangoni mwa nyumba nyuma yake, kimeshafungwa zipu. Letisia alisogea mpaka miiba ikamgusa kitenge.

"Jumatatu?" aliuliza.

"Jumatatu lazima niripoti. Barua ni barua."

"Najua."

"Na nilisema sitauliza tena, Leti."

"Nilikusikia." Nyuma yake alisikia baba yake akiketi kwa kuguna, na bibi akimuuliza habari za mvua. Alikuwa amechoka kuanzia nywele mpaka nyayo, na ndani ya uchovu huo palikuwa na kipande kidogo cha ubichi, kama upana wa mkeka. "Basi zamu yangu kuuliza. Gida, utanioa?"

Gidahosh aliweka kibuyu chini, akashika matawi ya lango kwa mikono miwili, na bila kujali miiba akaanza kuyaondoa.